Jilaal ya Mota Iliyoungua

3 Januari

Mvua za deyr, zile za vuli, hazikuja. Sasa ni jilaal, kiangazi chenyewe, na nimeanza kuandika kwa sababu hakuna mtu hapa ninayeweza kumnung'unikia bila maneno yangu kumfikia abti, mjomba wangu, kabla ya swala ya alasiri. Naandika Kiswahili. Kijijini kwetu Kiswahili ni lugha ya ofisi na ya soko la mifugo, hakuna anayekisoma kwa hiari yake, kwa hiyo humu niko salama.

Naitwa Khadra. Mimi ndiye ninayetunza mashine ya kisima: jenereta iliyo kibandani, na pampu ya umeme iliyozamishwa chini kabisa ya shimo ambalo ukitupa jiwe utachoka kusubiri mlio. Nilisomea umeme chuo cha ufundi Garissa nikiishi kwa shangazi mtaa wa Iftin, na sasa wanangu wawili wako kwake wakisoma. Mume wangu Yahye yuko na ngamia, anafuata majani huko kusini. Hapa nimebaki na mbuzi wachache na mama yangu.

Mama huyo, Hooyo Kaaha, alianguka mwaka jana, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Kumgeuza kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ni kazi ya watu wawili na machozi ya mmoja. Hospitali ya Eldas ni nusu siku kwa gari, na barabara ni mawe matupu. Kwa hiyo msimu huu nina hofu moja tu, siihitaji ya pili. Kisima kikifa watu watahama, na Hooyo hahamishiki.

5 Januari

Upepo na vumbi. Mashine ni nzima. Abti Nunow kanuna, sijui kaudhiwa na nani.

9 Januari

Nimejua. Kaudhiwa na mimi.

Nieleze. Jenereta iliwekwa kwa ajili ya pampu tu. Mwaka juzi msikiti ukaomba waya wa kipaza sauti, nani angeukatalia msikiti? Kisha shule ikavuta wake. Kisha Keynan mwenye duka akavuta wa friji, akisema ni kwa ajili ya dawa za mifugo, ingawa kila nikichungulia naona soda. Baada ya hapo kila boma likaja na waya wake, mwembamba, umeungwaungwa, umefungwa kwa vipande vya mifuko ya nailoni. Jana niliweka mita: asubuhi pampu ikiwa peke yake volti zilikuwa sawa kabisa, mchana watu wote wakiwa wamejichomeka zikawa zimeporomoka vibaya. Nikachomoa waya nne. Mmojawapo ulikuwa wa mama mdogo, dada yake abti.

Abti Nunow ni ndugu ya mama yangu na ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji. Akitaka mambo yaonekane ya kiofisi hunisemesha Kiswahili chake cha soko la ngamia la Garissa, hata tukiwa wawili tu.

"Khadra, wewe umekata watu stima."

"Abti, jenereta haiwezi kubeba wote."

"Hii kisima sisi tunapewa na Mungu. Mtu akikuja na ndoo, tunamwambia rudi?"

"Hapana."

"Sasa mtu akikuja na waya, kwa nini unamwambia rudi?"

Nimesoma miaka miwili na sikuwa na jibu la kumpa mzee yule pale pale.

10 Januari

Jibu limenijia leo nikikamua mbuzi, ndiyo kawaida yangu.

Volteji ni msukumo. Ukinzani ni ugumu wa njia. Mkondo ni kile kinachopita, na kinapita kwa kadiri ya hivyo viwili: gawanya volti za msukumo kwa omu za ukinzani, unapata ampea za mkondo. Mwalimu wetu Garissa alituimbisha hilo mpaka tukaota. Waya mrefu na mwembamba una ukinzani mkubwa, kwa hiyo msukumo mwingi unaliwa njiani, unageuka joto bure. Na kila mtu anayejichomeka anafungua njia nyingine ya mkondo. Njia zikiwa nyingi jenereta inalazimika kutoa mkondo mwingi, na jenereta yetu imezeeka, ikitoa mwingi inaishiwa na msukumo.

Balbu ukiipa volti chache inavuta ampea chache, inafifia, basi, hakuna msiba. Mota ya pampu haina uungwana huo. Yenyewe ina mzigo wa maji kichwani. Volti zikishuka inazunguka kwa taabu, na ikizunguka kwa taabu ule ukinzani wake wa kuzunguka unapotea, unabaki wa waya peke yake, nao ni mdogo. Basi inavuta mkondo kupita kiasi na kuanza kujichoma. Ndoo haifanyi hivyo. Ukichota ndoo ya ziada kisima hakiungui. Hilo ndilo nilitakiwa kumwambia.

14 Januari

Kamati imekaa. Mimi ni mwanamke mmoja kati ya wanaume sita, nimewekwa kwa sababu sheria inataka wanawake wawepo, na kwa kawaida naulizwa kama chai iko tayari. Leo nilisema. Nilieleza msukumo na njia na mkondo. Keynan alitabasamu muda wote na simu yake mkononi, imejaa chaji.

"Abaayo, dada, hii stima yako iko na maringo sana," akasema. "Kwa Nairobi watu wote wako na stima na hakuna mota imekufa."

Nikaona maneno yangu yanawapita juu ya kofia. Basi nikabadili. Nikasema: zamani kwenye visima vya mkono, ngamia wa wote walikuwa wakinywa siku moja? Wakasema hapana, kila ukoo na zamu yake. Nikasema stima nayo iwe na zamu. Pampu ikifanya kazi, waya zote zichomolewe. Tangi likijaa, pampu ikizimwa, watu wachaji.

"Zamu tunajua," abti akasema. Wakapitisha pale pale.

Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nilimsimulia Hooyo, naye akacheka mpaka nyonga ikamuuma, akaniambia niache kumchekesha.

17 Januari

Zamu zinafuatwa. Volti safi.

20 Januari

Joto. Mbuzi mmoja kafa, si kwa kiu, majani hayana kitu. Hooyo kanisimulia walivyohama jilaal moja ya utoto wangu, akiwa amenibeba mgongoni, na ndugu zangu wawili walivyozikwa njiani, kila mmoja mahali pake. Hajapata kurudi kuyaona makaburi hayo. "Mimi nimeshahama vya kutosha," akasema. Hakulia. Nililia mimi nje.

24 Januari

Wageni wameingia kutoka upande wa Mandera. Mkubwa wao anaitwa Awil, mtu mrefu, mpole, midomo imepasuka. Nyuma yake ngamia wamejaa upeo wote, wamekonda mpaka nundu zimelala. Visima vitatu walivyopitia vimekauka. Wana siku nyingi hawajanywa.

Hakuna aliyejadili kama wanywe au wasinywe. Si jambo la kujadiliwa. Abti alitoka mwenyewe kuwapokea, akawasha moto wa chai kwa mikono yake. Nilimwona akigusa shingo ya ngamia mmoja kama anayegusa mgonjwa. Mimi niliwaza dizeli.

26 Januari

Pampu inakwenda kutwa. Tangi halijai, ngamia wanalimaliza. Kwa kuwa pampu haizimwi, zamu ya stima haipatikani, na simu za watu zimekufa. Keynan amejichomeka tena, "kidogo tu". Alipojichomeka Keynan, wakajichomeka wote. Wageni nao wamepewa waya, mrefu kuliko zote, mpaka kambini kwao, maana haifai mgeni akae gizani na mwenyeji ana taa.

Nilichomoa. Walirudisha. Nilichomoa. Mke wa abti alinijia na kuniuliza kwa upole kama mama yangu angefurahi kusikia namfanyia mgeni hivi.

27 Januari

Kwenye ukuta wa kibanda kuna kidude kidogo cha kuilinda mota. Mkondo ukizidi, kinafyatuka, ile swichi kubwa inaachia, pampu inasimama mpaka mtu airudishe. Leo kimefyatuka asubuhi, kikafyatuka adhuhuri, kikafyatuka tena. Kila mara ngamia wako katikati ya kunywa na maji yanakatika kwenye birika la kunyweshea. Awil anasimama tu, ameshika fimbo mabegani, anatazama birika likikauka.

Abti ameniuliza kama kidude kimeharibika. Nimemwambia ndicho kitu pekee kizima hapa.

29 Januari

Naandika haya yote leo kwa sababu kesho nitaanza kuyapamba.

Asubuhi Hooyo alikuwa na maumivu makali, nikachelewa. Nilimpigia abti yowe kutoka mlangoni kwamba awashe jenereta lakini asiirudishe swichi ikifyatuka, anisubiri. Akainua mkono. Nilimgeuza Hooyo, nikamsafisha, nikampa uji. Nilipotoka jua lilikuwa limepanda na maji yanamiminika birikani mfululizo bila kukatika hata mara moja. Nikafurahi. Kweli nilifurahi. Nikawaza labda watu wamechomoa waya zao.

Nilipoingia kibandani niliona waya zote zimechomekwa. Kisha nikaona swichi kubwa. Abti alikuwa amechukua kijiti chake cha mswaki, kile anachokitafuna kutwa, akakichonga ncha na kukishindilia kwenye swichi isiweze kuachia. Kidude cha kulinda kilikuwa kimeshafyatuka zamani. Kilikuwa kimefyatuka na hakuna wa kukisikiliza.

Abti alikuwa amesimama nyuma yangu. Hapo hakutumia Kiswahili. Alinisemesha Kisomali, taratibu kabisa:

"Ngamia akishaanza kunywa haondolewi mdomo majini mpaka ashibe. Unajua hivyo. Ukimwondoa na kiu ya siku zile zote, anaharibika. Nimewaona watatu wao wakilala chini jana. Waache hawa wa mwisho wamalize, kisha ufanye utakavyo."

Nikaweka mita. Volti zilikuwa chini kuliko nilivyowahi kuziona. Nikaweka ile mita nyingine ya kubana waya, ampea zilikuwa karibu mara mbili ya zilizoandikwa kwenye mota. Nikagusa kebo inayoshuka kisimani, nikaondoa mkono haraka.

Nilichotakiwa kufanya ni kung'oa kijiti. Ni kazi ya vidole viwili. Nilishakishika. Nje, kwenye birika, ngamia majike walikuwa wamepanga shingo, na yule mdogo wa mwisho alikuwa ndio kwanza amefika, magoti yanatetemeka, na Awil alikuwa akimwimbia ule wimbo wa kunyweshea kwa sauti iliyokauka. Alinitazama kupitia mlangoni. Hakuomba. Angeomba ningekasirika, ningeking'oa.

Nikasema, wamalize hawa. Nikatoa mkono.

Nilitoka mbio kuchomoa waya, angalau hizo. Nilikuwa nimefika wa tatu pale mngurumo wa jenereta ulipobadilika, ukawa mzito kama wa gari linalopanda mlima, ukakoroma, kisha kikata umeme cha jenereta kikaruka kwa mlio mmoja. Maji yaliendelea kutoka kwenye bomba kwa muda, yakawa uzi, yakawa matone. Yule ngamia mdogo akalamba saruji.

Nilijaribu tena mara moja, baada ya kung'oa kila kitu. Kikata kikaruka hapo hapo.

30 Januari

Nimepima. Mota ikiwa nzima, kati ya waya zake na bomba la chuma ukinzani unatakiwa uwe mkubwa mno, mita isiweze hata kuusoma. Mita imesoma karibu na sifuri. Yaani ile ngozi ya kuzikinga waya imeungua, shaba imegusa chuma, na umeme ukipita hauna cha kuuzuia. Nilipima mara nyingi, nikabadilisha betri ya mita, nikapima tena.

Nilimwambia abti: imekufa. Akaniuliza itafufuliwa lini. Nikamwambia mota mpya itoke Nairobi, na lije gari lenye mnara wa kuinulia mabomba, nalo liko mbali upande mwingine wa kaunti kwenye kisima kingine. Akauliza tena, lini. Nikasema sijui, abti.

Alikaa chini pale pale kwenye mafuta.

31 Januari

Awil na watu wake wameondoka. Alikuja kuniaga, akasimama mbali kama adabu inavyotaka, akasema, "Walaal, ndugu yangu, tulikuja kunywa, tumewakausha." Nilitaka kumwambia si wao. Nilitaka pia kumwambia ni wao. Nikamwambia safari njema.

2 Februari

Yale maji ya watu chini ya tangi, ambako bomba la birika halifiki, yamebaki robo. Mbuzi wote wananitazama.

6 Februari

Maboma yanavunjwa. Mifupa ya nyumba inafungwa juu ya ngamia, mikeka juu yake, watoto juu ya mikeka. Keynan amekodi lori, amepakia friji kwanza. Alikuja kwangu akiwa amevaa viatu vya safari na hakuwa na tabasamu. "Khadra, kuna nafasi ya mama yako kwa lori. Mimi nitapanga magunia iwe laini. Wallahi nitapanga mwenyewe." Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mpaka kufa na hata hilo kaninyima.

Tulijaribu. Wanaume wanne walimwinua Hooyo na mkeka wake. Hawakufika hata kwenye lori. Sauti aliyoitoa sijapata kuisikia kwa mtu, na alipoweza kusema alisema, "Nirudisheni, nirudisheni." Tukamrudisha. Keynan aliondoka akifuta uso kwa kilemba.

Nimebaki. Yahye ametuma neno kwa simu ya dereva: njoo, mwachie abti mama. Abti mwenyewe ana miaka sabini.

9 Februari

Tumebaki maboma machache, wazee na wanaowatunza. Utulivu wa ajabu, hata mbwa wamewafuata watu.

12 Februari

Gari la maji limefika kutoka Eldas. Kila boma limepata madumu yake. Dereva anasema atarudi, lakini visima vingine vinavyomwita ni vingi. Gari la mnara bado. Mota iko njiani, wanasema. Kila ninapompigia fundi, mota iko njiani.

15 Februari

Nimewaza siku nzima kile kijiti. Si abti, mimi. Abti hakujua mkondo ni nini. Mimi nilijua, nilikuwa na nambari mbele ya macho, na vidole vyangu viliguswa na huruma kama vya mtu ambaye hajasoma kitu. Kisha nawaza yule ngamia mdogo na sijui kama kesho nisingefanya vivyo hivyo. Hapo ndipo ninapokata tamaa kabisa.

19 Februari

Ramadhani imeingia. Hooyo kasema atafunga. Nilimwambia mgonjwa amesamehewa, mzee amesamehewa, yeye ni vyote viwili. Akasema hajawahi kukosa Ramadhani na hataanza sasa kwa kunisikiliza mimi. Tuligombana kidogo. Nilifurahi kugombana, ilikuwa kama zamani.

22 Februari

Wakati wa kufuturu Hooyo anataka abaki peke yake, anasema ana dua zake ndefu. Namwekea kikombe na tende, natoka. Nikirudi kikombe kitupu.

25 Februari

Abti amekuja na dumu la maji, limejaa, akaliweka mlangoni pangu. Nikamwambia, hilo ni fungu lenu. Akasema mkewe ameenda kwa binti yake, yeye peke yake hahitaji mengi. Midomo yake ni kama ya Awil siku ile. Nilimlazimisha alirudishe, akakataa, tukaishia kuligawa, tukimimina polepole tusidondoshe.

Aliketi kivulini akaniomba nimweleze tena ile habari ya msukumo na njia. Nikamweleza yote, pamoja na ile ya mota kuvuta zaidi inaponyimwa. Alisikiliza kwa makini ambayo sijawahi kuiona hata darasani.

"Kwa hiyo ikinyimwa, inataka zaidi, mpaka inajiua," akasema.

"Ndiyo, abti."

"Na mimi nilikifunga mdomo kile kilichokuwa kinapiga kelele."

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimekishika kile kijiti nikakiachia. Baadaye nikamwambia. Akatikisa kichwa tu. Nilimdharau mzee huyu miaka mingi kwa sababu ya kofia na mihuri. Leo nilimsindikiza mpaka kwake.

28 Februari

Gari la maji halijarudi. Mbuzi wamebaki wawili.

2 Machi

Hooyo analala sana. Ngozi ya mkono wake nikiibana inabaki imesimama. Nilimuuliza kama anakunywa maji yake yote ya futari na ya daku, akasema, "Si unaona kikombe?" Nilikiona. Nilimwambia afungue saumu leo, akageuza uso ukutani.

4 Machi

Mota imefika Eldas. Gari la mnara linasubiriwa.

Nilimpigia Hooyo kelele za furaha sikioni. Akafumbua macho, akasema, "Sasa gari likija, wewe panda." Nikamwambia ni gari la pampu, Hooyo, si la kuhama, tutakaa hapa hapa. Akasema haya.

6 Machi

Hooyo amefariki alfajiri ya leo, Ijumaa. Hakusumbuka mwishoni. Nilikuwa nimemshika mkono, na ukawa mzito.

Nilipotaka kumnyoosha, ili mkeka ukae sawa, nilisogeza lile furushi la nguo alilokuwa akiegemea ukutani. Nyuma yake kulikuwa na dumu la zamani la mafuta ya kupikia, limefunikwa kwa shuka lake. Lilikuwa zito. Lilikuwa limejaa maji karibu mpaka shingoni.

Nilikaa nalo mapajani. Kila kikombe cha futari. Kila kikombe cha daku. Nyonga haikumruhusu kugeuka, lakini mkono ulifika mpaka pale. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsafisha, ndiye niliyeona kwamba mkojo umekuwa haba, na nikajiambia ni saumu. Ninapima kila kitu. Hilo sikulipima.

Abti alikuja na sheikh na yule jirani mmoja mwanamke aliyebaki, Bilan. Sheikh akauliza maji ya kumwoshea yako wapi. Nikamwonyesha lile dumu. Akaniuliza, "Na ya kunywa ninyi?" Nikamwambia tuna kidogo sana, kwangu yamekwisha jana, kwa Bilan na wajukuu wake yamebaki ya leo. Kisha akasema kwa upole kwamba maji yanayohitajiwa na kiu ya walio hai hayaoshi maiti, na kwamba Mungu ametuwekea udongo kwa siku kama hii.

Nikasema ni maji yake mwenyewe. Ameyakusanya mwenyewe. Wacha yamwoshe.

"Alikukusanyia wewe," abti akasema.

Basi Bilan na mimi tulimtayamamisha. Tulipiga viganja juu ya mchanga safi, tukampaka uso, tukampaka mikono. Kazi yangu ni maji. Watu wa kijiji kizima wamekunywa kutoka mkononi mwangu, na ngamia wa Mandera, na mama yangu amekwenda kaburini na vumbi usoni. Nimeyaandika haya ili niyaone. Bado siyaoni.

Alizikwa kabla ya Ijumaa kusaliwa. Jioni Bilan alinijia na kikombe, akakijaza kutoka kwenye lile dumu. Nilisema sitakunywa. Wajukuu zake walikuwa wamesimama mlangoni wakisubiri mimi nianze. Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya mafuta ya zamani. Nikanywa yote, kisha nikawajazia wao.

7 Machi

Sijatoka.

10 Machi

Gari la maji limekuja.

13 Machi

Gari la mnara lilifika juzi. Walitoa mabomba moja moja, wakatoa mota ya zamani. Fundi, kijana wa kutoka Meru, aliifungua akanionyesha waya zilivyokuwa nyeusi. "Hii ilikosa volti, madam. Nani alikuwa anaangalia?" Nikamwambia ni mimi.

Leo wamemaliza. Abti aliniita niwashe. Nilisema awashe yeyote. Akasema hapana, na akasimama mlangoni mwa kibanda na fimbo yake, akatangaza kwamba mtu atakayeleta waya hapa atapitia juu yake kwanza. Watu walikuwa wamesharudi kiasi, Keynan naye yumo. Hakuna aliyebisha. Nikapima, nikabonyeza. Bomba likakohoa vumbi, likakohoa kutu, kisha maji yakaja, mazito, meupe, yakapiga birika.

Wanaume walitoa takbira. Watoto waliingia birikani na nguo zao. Halafu wanawake waliokuwa mbali siku ya mazishi, ambao ndio kwanza wamesikia, wakatoka kwenye bomba mmoja mmoja wakanijia pale nilipokuwa nimesimama. Wakanishika mkono kunipa pole, na mikono yao yote ilikuwa imelowa.